Mikroampea Mbili

Kilobaiti sita. Sikuruhusiwa zaidi.
Humo niandike namna ya kulala,
namna ya kuamka,
kwa betri ndogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini,
inayotakiwa kuishi miaka mitatu
chini ya daraja la Mto Mathare,
imefungwa kwa waya juu ya maji yanayonuka,
ikipima kina.

Tulianza vibaya, mimi na Odanga.
Ghorofani Luthuli, juu ya maduka ya spika,
ambako meza hutetemeka kila mteja akijaribu besi,
tuliifundisha kukesha
kama mwanafunzi wa bweni anayeogopa mtihani.
Ikapima, ikapima, ikapima maji yasiyopanda.
Siku ya kumi na moja ikanyamaza.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
hakuna aliyetuambia
kwamba haba na haba ndiyo hukikausha pia.

Basi nikapunguza.
Nikazima saa ya kasi, nikabakiza ya polepole.
Kila pini isiyo na kazi nikaifunga
kama chumba kisicho na mpangaji,
maana umeme nao hupenda mlango ulioachwa wazi.
Nikaandika mistari ishirini na saba,
nikafuta tisa, ikafanya kazi vizuri zaidi.
Mita ikasoma mikroampea kumi na nne.
Odanga akanunua chapati tusherehekee.
Mimi sikula. Kumi na nne ni nyingi.
Mahali fulani humo ndani palikuwa na mlaji.

Ilikuwa ile taa ya kijani,
inayopepesa kila sekunde kumi: nipo, nipo.
Bwana Gathogo wa ofisi ya mafuriko ndiye aliyeitaka.
"Nikipita darajani nione kwamba inafanya kazi."

Baba yangu alikuwa soja wa geti, Kileleshwa.
Tochi yake ilikula mawe mawili
aliyoyanunua kwa mshahara wake mwenyewe,
kwa hiyo aliizima.
Alikaa gizani, kwenye kiti kisicho na mgongo,
katika usingizi wa mang'amung'amu,
sikio tu likizurura uani.
Paka akiruka ukuta, hakusogea.
Bawaba ikilia, tayari yuko wima.
Sijui alizipambanuaje.
Usiku mmoja mwenye nyumba alirudi, hakuona mwanga.
Asubuhi baba akakabidhi koti na rungu.
"Soja aliye macho huonekana," aliambiwa.
Hakubishana. Alirudi nyumbani na tochi,
mawe yake bado mapya.

Sikuiandikia ile taa amri ya kuzimika.
Nilichukua koleo, nikaing'oa.

Mbili.

Gathogo akapiga simu kutoka darajani:
"Mbona imekufa?"
Imelala, nikasema.
"Tofauti yake ni nini?"
Nilitaka kumweleza habari za bawaba.
Nikasema tu, subiri mvua.

Siku arobaini: neno moja kila alfajiri,
fupi kuliko salamu, kisha kimya.
Nilikuwa nikiamka kulisubiri.
Odanga akanicheka: kifaa kinalala, mwenye kifaa hakilali naye.

Halafu ile Aprili, saa nane na dakika tatu za usiku,
maji yakagusa waya wa chini.
Simu zikalia kando ya mto, mabati kwa mabati,
watu wakabeba magodoro kichwani, watoto, jiko lenye majivu moto.
Kuku wa mtu alisahauliwa.
Simu ya Gathogo ilikuwa imeisha chaji.
Na chini ya daraja, kazi yake imekwisha,
programu ikafunga redio, ikafunga pini, ikalala tena,
huku maji yakipita sentimita nne chini yake.

Nikampigia baba, sijui kwa nini, usiku ule ule.
Mlio wa kwanza haukuisha.
"Nani?" akasema, sauti kavu, iliyo macho.